Rebecca aliuawa

Katika riwaya ya Rebecca, bwana mmoja tajiri anampiga mkewe risasi ya moyo ndani ya kibanda cha ufukweni, anaupakia mwili kwenye mashua ya marehemu mwenyewe, anaitoboa na kuiacha izame. Hafungwi wala hashtakiwi. Mke wa pili anapoyasikia haya kutoka kinywani mwa mumewe, kinachoujaza moyo wake ni furaha: kumbe hakumpenda kamwe yule wa kwanza! Na kitabu hiki, tangu kilipotoka mwaka 1938, kimekuwa kikiuzwa kama hadithi ya mapenzi.

Nakipenda mno, na niseme hivyo mapema asije mtu akadhani nataka kifichwe. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Jaladani kuna mwanamke wa gauni refu anayekimbia usiku, na nyuma yake jumba lenye dirisha moja tu linalowaka taa. Riwaya za aina hii karibu zote huvalishwa jalada hilo. Nyuma pameelezwa mahaba, siri na utajiri. Kuuawa kwa mke hakukutajwa. Wasichana wetu sasa wanaijua hadithi hii hata kama hawajawahi kukishika kitabu, maana filamu yake mpya ilitoka Netflix mwaka 2020, na wanaisimulia wakimhurumia mwanamume. Hilo ndilo linaloniuma.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Wasichana wanaojifunza kwangu huwa nawasomea kitabu alasiri, saa za kazi za mkono, tunapotia vifungo na kulabu na kushona pindo, kwa kuwa mashine zikinyamaza ndipo sauti inasikika. Kilichoandikwa kwa Kiingereza nakisoma kimoyomoyo kisha nawasimulia. Rebecca tuliisoma hivyo, sura baada ya sura, na niliyoyaona humo niliyaona kwa jicho la kazi yangu.

Anayesimulia ni binti wa miaka 21, yatima, anayelipwa pauni 90 kwa mwaka ili aandamane na mama mmoja wa Kimarekani, Bi Van Hopper, kutoka hoteli hadi hoteli. Huko Monte Carlo anakutana na Maxim de Winter, mgane wa miaka 42, mwenye jumba maarufu liitwalo Manderley. Mwandishi, Daphne du Maurier, hakumpa binti huyu jina. Kitabu kinaanza na kwisha hatujui anaitwa nani. Anapoolewa ndipo anapata la kuitwa, Bi de Winter, na hilo nalo lina mwenyewe.

Posa yenyewe haina staha. Bi Van Hopper anataka kuondoka kwenda New York, basi Maxim anamtaka binti achague: Marekani na mama huyo, au Manderley pamoja naye. Baadaye binti anakumbuka kwamba bwana hakutamka popote kuwa anampenda. Hakuna mshenga, hakuna wazee waliokaa, hakuna hata shangazi mmoja wa kuuliza mke wa kwanza alikufaje. Hapo mabinti zangu waliguna wote kwa pamoja.

Wengi hukaa wakisubiri mzuka utokee Manderley. Hautokei. Hakuna mlango unaojifungua wenyewe, hakuna kivuli cheupe kwenye ngazi. Du Maurier alifanya jambo gumu kuliko hilo: alimleta marehemu kwa nguo.

Siku za mwanzo kabisa pale jumbani, bibi arusi anatoka kutembea na mumewe, hali ya hewa si nzuri, na mtumishi anamletea koti la mvua lililokuwa limetundikwa. Linampwaya. Ni refu, mikono yake inapita vifundo, mabegani hapajai. Vifungo vingine havipo. Mfukoni anakuta hanchifu iliyokunjamana, ina alama ya rangi ya mdomo na herufi za jina la mwenyewe. Kwa vitu hivyo tu anamjua aliyelivaa: alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mabega kumshinda yeye, na hakuwa mtu wa kuhangaika na vifungo. Alijitupia koti mabegani, akatia mikono mifukoni, akatoka zake.

Ukurasa ule naujua ni wa kweli. Nguo iliyovaliwa sana hubaki na umbo la mwenyewe. Kiwiko hutoa tumbo, ukosi hushika jasho na mafuta ya nywele, na mfuko mmoja hulegea kuliko mwenzake, upande wa mkono anaoutumia zaidi. Mtu akinipa gauni kuukuu nilifumue, kabla sijashika futi naweza kusema aliyelivaa alikuwa anainama bega lipi. Wanawake huniletea magauni ya mama zao waliofariki ili niyabane yawakae wao. Kwetu nguo za marehemu hazibaki kabatini. Hugawiwa ndugu, nyingine hutolewa sadaka, na aliyepata moja huipeleka kwa fundi. Mkasi ukishapita, ile ni nguo ya aliye hai. Manderley hakukupita mkasi wowote.

Msimamizi wa nyumba, Bi Danvers, amekiacha chumba cha Rebecca kilivyokuwa. Kitanda kimetandikwa, brashi za nywele zipo mezani, na gauni alilolalia usiku wa mwisho limo ndani ya mfuko wake juu ya kitanda. Anamwonyesha bibi mpya makoti ya manyoya, anampimishia joho la marehemu ili aone mwenzake alivyokuwa mrefu, kisha anamtaka atumbukize mikono ndani ya ndara zake. Nilipofika hapo binti mmoja aliweka sindano chini, akaomba tuendelee kesho. Sikumlaumu. Katika riwaya zote za majumba ya kutisha nilizozisoma, sijakutana na kitu kinachotisha kama mkono wa mtu hai ndani ya kiatu cha maiti.

Wanawake wa huku wanaielewa hali ya binti huyu upesi, kwa kuwa uke wenza tunaujua. Mke mwenza aliye hai ana siku zake mbaya. Ataunguza wali, ataumwa, atanuna, atakonda au atanenepa, na wewe utapata nafasi ya kupumua. Huyu wa Manderley hana siku ya kukosea. Karatasi za barua mezani ni zake, orodha ya chakula hupangwa kama alivyozoea kuipanga, na maua huwekwa pale alipopenda yawekwe. Bibi mpya akivunja kisanamu cha udongo cha thamani, anaficha vipande kwenye droo kama mtumishi anayeogopa kukatwa mshahara, ilhali nyumba ni yake.

Halafu inaandaliwa dansi pale jumbani, na linakuja lile gauni. Bi Danvers anampa ushauri: nakili vazi la Caroline de Winter, yule mama aliye kwenye picha ya ukutani. Binti anaagiza London kwa siri, gauni jeupe, akiwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo tangu aingie pale. Anashuka ngazi kulionyesha. Mumewe anambadilikia, anamwamuru arudi juu akavae kitu kingine. Kumbe Rebecca alivaa vazi hilohilo katika dansi yake ya mwisho, na Danvers alijua. Nililia kwa ajili ya gauni lile. Lilikatwa kwa vipimo vya binti yule, ndilo vazi la kwanza katika kitabu kizima linalomkaa sawasawa, na hata hilo likapatikana lina mwenyewe. Kesho yake Danvers anamsimamisha dirishani na kumnong'oneza ajirushe, na anakaribia kukubali. Kinachomwokoa ni fataki za meli iliyopanda mwamba, wala si upendo wa mtu yeyote.

Uandishi huu wa majumba ya kutisha una ukoo mrefu. Horace Walpole aliuanzisha mwaka 1764 kwa kasri lake la Otranto, na Ann Radcliffe akaupamba mwaka 1794 kwa msichana aliyefungiwa Udolpho, ambaye vitisho vyake vingi mwishoni vinapatiwa maelezo ya kibinadamu. Charlotte Brontë alitoa Jane Eyre mwaka 1847, na humo jumba la Thornfield lina mke aliyefichwa juu, Bertha, aliyetolewa Jamaika na kuitwa kichaa. Ilipita zaidi ya miaka mia moja mpaka Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, alipoandika riwaya ya mwaka 1966 kumpa mwanamke huyo maisha yake. Jambo moja linarudi kutoka Thornfield hadi Manderley: anayesemekana kuwa mzuka ni mwanamke aliyetendewa jambo na mwenye nyumba.

Du Maurier mwenyewe hakufurahia kitabu chake kuitwa cha mapenzi. Alisema aliandika kuhusu wivu. Alizaliwa mwaka 1907, aliolewa na ofisa wa jeshi, na kitabu alianza kukiandika Aleksandria, Misri, mume wake alipopangiwa kazi huko, akiwa na kiherehere cha moyo juu ya mwanamke aliyekuwa mchumba wa mumewe kabla yake. Jumba alilokuwa akiliota akiwa kwenye joto lile lilikuwa Menabilly, karibu na mji wa Fowey katika mkoa wa Cornwall, ambalo alikuwa akipenya kulitazama tangu ujana wake likiwa limemezwa na mimea. Kitabu kilipomtajirisha alilipanga mwaka 1943, akalikarabati, akalea watoto wake humo, na mwaka 1969 ikambidi atoke, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo lilikuwa mali ya familia ya Rashleigh. Nikilifikiria hilo namwelewa zaidi. Aliijua hali ya kuipenda nyumba isiyokuwa yako, kuifagia na kuijenga, huku ukijua kuna wenyewe.

Sasa nirudi kwenye uuaji.

Maxim anamwambia mke wake wa pili kwamba Rebecca alikuwa mwovu, hana upendo wala haya, na kwamba usiku ule alimtambia kuwa ana mimba ya mtu mwingine na mtoto huyo atarithi Manderley. Ndipo akampiga risasi. Anasema hajuti. Tukumbuke nani anasema, na lini. Anasema muuaji, mwili umeshaonekana ndani ya mashua iliyozama, na anahitaji mkewe anyamaze. Ni kweli wapo wengine wanaodokeza kwamba Rebecca hakuwa malaika, na yawezekana alikuwa mtu mgumu kuishi naye, mwongo, hata mkatili. Lakini talaka ilikuwepo. Maxim anasema wazi kwamba aliikwepa kwa kuogopa aibu ya ukoo na jina la Manderley.

Baadaye daktari mmoja wa London anafungua daftari lake na kueleza kwamba Rebecca hakuwa na mimba. Alikuwa na saratani isiyotibika, alibakiwa na miezi michache, na maumbile yake yasingemruhusu kuzaa. Mara kila mtu anapumua. Maxim anaamua kwamba Rebecca alimchokoza makusudi ili amuue. Kitabu kinasogea pamoja naye, na sisi wasomaji tunasogea pamoja na kitabu, hadi kuuawa kunageuka kuwa takwa la aliyeuawa. Maneno hayo nimeyasikia kwenye misiba, yamesemwa na watu wanaoheshimika: alimtia hasira, alimjibu vibaya, alijitakia. Nimeyasoma pia magazetini, mke amekatwa mapanga na habari imewekwa kichwa cha wivu wa mapenzi, kana kwamba mapenzi ndiyo yaliyoshika panga. Ndiyo maana nasema kitabu hiki kisipoelezwa vizuri kinaingia kwenye akili ya msichana wa miaka 16 na kukaa humo.

Hollywood iliuona uzito huo kabla yetu, ingawa dawa yake ilikuwa mbovu. Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu mwaka 1940, kanuni za maadili za sinema ya Marekani hazikuruhusu mume aliyemuua mkewe aishie raha mustarehe. Basi walibadilisha kisa: Rebecca akajikwaa, akaanguka, akajigonga kichwa, akafa. Maxim akabaki na kosa la kuficha maiti tu. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, na watu wengi duniani wanaodhani wanamjua Maxim wanamjua huyo aliyesafishwa. Laurence Olivier alimwigiza kwa huzuni nzuri sana. Kwenye kitabu hakuna kujikwaa. Kuna bastola.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote humo anatokea kwa kurasa chache tu. Anaitwa James Tabb, fundi mashua. Uchunguzi wa kifo umekaribia kufungwa, wakubwa wameridhika kwamba ilikuwa ajali ya bahari, ndipo Tabb anaposimama na kusema mashua ile aliitengeneza yeye na ilitoka mikononi mwake ikiwa nzima. Matundu yaliyoonekana yametobolewa kwa ndani, na vali za kuingizia maji zilifunguliwa. Hatetei Rebecca. Anatetea kazi yake, asije akaambiwa ameua mtu kwa ufundi mbovu, na kwa kutetea kazi yake anakuwa shahidi pekee aliyesema jambo la kweli mbele ya meza ile. Mafundi wenzangu watanielewa. Nguo ikipasuka, mshono unaonyesha kama ilipasuka yenyewe au ilivutwa. Na wakubwa walifanya nini na ukweli wa Tabb? Waliandika kwamba Rebecca alijiua.

Sisi tunayo riwaya yetu inayofanana na hii kwa mazingira na kutofautiana nayo kwa dhamira. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa penye mzimu, watu wanaogopa, na ilikuwa rahisi sana kuwasingizia wasioonekana. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anakataa. Anataka mtu. Anauliza nani alifaidika, nani alikuwa wapi, nani anadanganya, mpaka hofu ya mzimu inabaki pembeni na binadamu anabaki katikati. Manderley ingempata mgeni kama huyo, kitabu kingekwisha mapema na kwa namna nyingine kabisa.

Tulipofika kwenye ile hukumu ya kujiua, binti mdogo kuliko wote kwenye karakana aliniuliza, "Fundi, ndugu zake Rebecca wako wapi?" Nilikaa nikitafuta kwenye kurasa. Wazazi hawapo. Anayejitokeza ni binamu mmoja, Jack Favell, aliyekuwa hawara yake pia, mlevi anayekuja na barua mkononi akitaka alipwe ili anyamaze. Hapa ndipo naona ustadi wa du Maurier, na hapa ndipo nagombana naye. Mtu pekee anayepiga kelele kwamba Rebecca aliuawa amefanywa mtu wa kuchukiza kiasi kwamba tunaufukuza ukweli pamoja naye. Hakimu, Kanali Julyan, ambaye amekula chakula cha jioni katika nyumba ile, anafahamu vya kutosha na anachagua kunyamaza. Ben, mtu mmoja wa ufukweni mwenye akili ya kitoto, alikuwa na mengi ya kusema, lakini anaogopa kupelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, hivyo anaapa hakuona kitu. Mlevi, kichaa na fundi: hao ndio walioachiwa ukweli, na hakuna hata mmoja wao anayekaribishwa kukaa kwenye meza ya Manderley.

Na yule binti asiye na jina, niliyempenda tangu sura ya kwanza, mumewe anapoungama ndipo anapokua. Ujana unamtoka usoni, anajifunza kutoa amri kwa watumishi, anaacha kumwogopa Danvers. Nilitaka kumshangilia. Lakini bei ya kukua kwake ni kuitunza siri ya kifo cha mwanamke mwenzake, na anailipa bila kusita. Jumba linaungua, wanaishia hotelini nchi za watu, anamsomea mumewe habari za kriketi. Sijui msomaji gani anaweza kuufikia mwisho ule, ambao mwandishi aliuweka mwanzoni kabisa mwa kitabu, akauita raha.

Kwa hiyo wazazi, walimu, na wenye maktaba, wapeni mabinti Rebecca. Wapeni na watoto wa kiume, wao hasa. Lakini kabla hawajafungua, waambieni kwamba mke anauawa humu na mumewe, na kwamba wakubwa wa pale wanalijua hilo na wanamwacha. Wanaokichapa waliandike hilo nyuma ya jalada, kwa herufi zilezile walizoandikia mahaba. Hawatapoteza mnunuzi hata mmoja.